Freddie wa filamu na Freddie wa tarehe

Katika filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, mwimbaji Freddie Mercury anawaambia wenzake wa kundi la muziki la Queen kwamba ana virusi vya UKIMWI wakiwa mazoezini, siku chache kabla ya Live Aid, tamasha la hisani la Julai 1985 uwanjani Wembley, London. Waandishi wengi wa maisha yake wanasema majibu ya kipimo aliyapata 1987. Watetezi wa filamu wanajibu kwamba maisha ya miaka 45 hayaenei ndani ya saa mbili na ushei bila kusogeza hiki na kile. Nawaelewa. Ukijua mwimbaji anaumwa, tamasha la Wembley unalisikiliza kwa sikio jingine, na Rami Malek, aliyemwigiza, hakupata Oscar kwa kubahatisha.

Lakini kusogeza ni kimoja, kugeuza ni kingine. Filamu inaonyesha kundi likisambaratika kwa sababu Freddie kasaini mkataba wa peke yake kwa siri. Haya, tutazame tarehe. Roger Taylor, mpiga dramu, alitoa albamu yake binafsi 1981, ya pili 1984. Ya Freddie ilitoka 1985. Na kundi lenyewe halikuvunjika: Januari 1985 lilipiga Rio de Janeiro, Mei likawa Japani. Sasa Taylor huyohuyo na mpiga gitaa Brian May walishiriki kuitengeneza filamu hiyo, wakisimamia muziki wake. Marehemu hakuwa na wa kumsemea. Lawama ya usaliti imemwangukia yeye, na ugonjwa ukaja nyuma yake kama adhabu. Hapo sikubaliani kabisa na watetezi wa filamu.

Tatizo ni kwamba bila ridhaa ya May na Taylor nyimbo zisingepatikana, na filamu ya Freddie bila sauti yake nani angeitazama?

Dokumentari je? Ile ya Rudi Dolezal na Hannes Rossacher ya mwaka 2000 inamrudisha Zanzibar, alikozaliwa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, kisha shule ya bweni India. Kwa Mzanzibari hiyo ni neema, maana Hollywood imeipa Unguja maneno machache tu. Nayo ina upande wake: anazungumza mama mzazi, na mzazi gani atamwanika mwanawe mbele ya kamera?

Hata hivyo, kijana wa Shangani, kule Mji Mkongwe wa Zanzibar, akiniuliza aanze na ipi, nitampa dokumentari. Filamu aione baadaye, kwa ajili ya Wembley.