Kadi ya chama ndiyo inayokalia kiti cha bunge

Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Uingereza anaweza kujiandikisha na kumpigia kura mbunge wa Uingereza, kwa kuwa nchi yetu imo kwenye Jumuiya ya Madola. Kwao Tanzania, akiwa nje hana kura. Ndiyo maana sisi wa diaspora tunaelewa vikao vya Westminster kuliko vya Dodoma, halafu ndugu wanatuuliza: kwani wabunge wa huko ni waadilifu sana?

Hapana. Mwaka 2009 ilifichuka kwamba walikuwa wakidai serikali iwalipie gharama za mambo ya aibu, hadi usafi wa handaki la maji linalozunguka jumba la mtu. Wakati wa Uviko, serikali ya chama cha Conservative ilitenga njia ya upendeleo kwa wauza barakoa waliopendekezwa na wakubwa, na Januari 2022 Mahakama Kuu ikasema njia hiyo ilikuwa kinyume cha sheria. Ulaji upo kote. Kinachotofautiana ni kinachompata mbunge wa chama tawala akithubutu kusema.

Septemba 2019 wabunge 21 wa Conservative waliipinga serikali yao kuhusu Brexit, yaani kujitoa Umoja wa Ulaya. Waziri Mkuu Boris Johnson akawatoa kwenye kundi la wabunge wa chama, akiwemo Nicholas Soames, mjukuu wa Churchill. Lakini viti vyao havikuguswa. Waliendelea kukaa bungeni na kupiga kura, na baadaye 10 kati yao wakarudishwa. Chama kiliwanyang'anya nafasi kwenye kundi lake. Ubunge haukuwa wake kuuchukua.

Kwetu Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwenda. Na Ibara ya 67 inamzuia kurudi kama mgombea huru, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishaamua mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba zuio hilo linavunja haki. Hata bila kufukuzwa, kuna kukatwa jina: unaongoza kura za maoni za chama jimboni, vikao vya juu vya CCM, chama tawala, vinampitisha mwingine. Mbunge anayejua hivyo anauliza maswali ya barabara na zahanati, basi.

Tena Ibara ya 71 inakata upande mmoja. Julai 2017, chama cha upinzani cha CUF kikiwa kimegawanyika, upande wa Profesa Lipumba ulipowafukuza wabunge wake 8 wa viti maalumu (vile vya wanawake), Spika aliwatoa ndani ya siku chache. Novemba 2020 Chadema, nacho cha upinzani, ikawafukuza wabunge wake 19 wa viti maalumu, wale ambao mtaa uliwabatiza Covid-19. Hao wakabaki bungeni. Na uenyekiti wa PAC, kamati ya hesabu za serikali ambao kwa desturi ni wa upinzani, ukapewa mmoja wao. Chama tawala chenye majimbo 256 kati ya 264 kilikuwa kinahitaji mpinzani, kikajipatia asiye na chama cha kumtuma.

Hapo PAC ndipo ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapofia. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, hesabu zinamfikia mkaguzi mwisho wa Septemba, Rais anapokea ripoti mwisho wa Machi, Bunge linawekewa mezani Aprili. Mjadala wenyewe mara nyingi unasubiri Novemba. Ni miezi 16 tangu vitabu vifungwe, waliohusika wameshahamishwa vituo. Uingereza nayo inachelewa, ila PAC yake ina mwenyekiti kutoka upinzani, tangu 2010 anachaguliwa na wabunge wote kwa kura ya siri, na serikali hujibu kila pendekezo kwa maandishi, kwa kawaida ndani ya miezi miwili: tumekubali, au tumekataa kwa sababu hii.

Anayedhani ninaionea CCM akumbuke Job Ndugai, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa tiketi ya chama hicho. Desemba 2021 alihoji mikopo ya serikali, wakati deni la taifa likitajwa kuwa shilingi trilioni 70. Akaomba radhi hadharani, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Barua aliielekeza kwa Katibu Mkuu wa CCM. Mkuu wa mhimili mzima wa dola, anaagia chamani! (Huyu ndiye aliyeliongoza Bunge 2019 kukataa kufanya kazi na CAG Mussa Assad kwa sababu alitumia neno "udhaifu" kulielezea Bunge. Mkuki kwa nguruwe.)

Kwa hiyo tunapodai Katiba mpya tuanze na Ibara ya 67 na ya 71 kabla ya kubishana kuhusu idadi ya serikali za Muungano. Mgombea huru alikuwemo tayari kwenye rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba. Kinachobaki ni kwamba mbunge akivuliwa uanachama abaki na kiti mpaka uchaguzi, wapiga kura wake ndio wamhukumu.