Mti Mmoja Mkongwe Unalipwa kwa Miche Mingapi?

Mji mdogo ukipanua barabara, miti ya zamani ya kandokando ndiyo hutangulia kuondoka. Wanaoikata wana hoja. Tawi kavu likimwangukia mpita njia linaua. Mizizi huinua zege la njia ya waenda kwa miguu, na anayetumia kiti cha magurudumu analazimika kushuka barabarani katikati ya magari. Tena mhandisi aliyetia saini ndiye atakayeulizwa maafa yakitokea. Hofu yake naielewa.

Ninachokikataa ni ile ahadi ya kutuliza watu: tukikata mmoja, tunapanda kumi. Hebu tuipigie hesabu. Mti ambao matawi yake yametanda upana wa mita 15 hufunika takriban mita za mraba 177. Mche wa kitaluni uliotanda mita 1 haufuniki hata mita moja ya mraba. Upana ukizidi mara 15, kivuli huzidi mara 225. Kwa hiyo badala ya mti mmoja ni miche 225, yote ikiwa hai. Hiyo kumi tunayoahidiwa haifiki hata asilimia 5 ya deni! Na bado haijavuka kiangazi cha kwanza, ambacho mingi hufia kwa sababu bajeti ya kupanda ilikuwepo, ya kumwagilia haikuwepo.

Hata ikipona yote, kuna miongo ya kusubiri. Lami au zege lililo kivulini linaweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko lile lililoachwa juani saa za jua kali. Mzee anayetembea kwenda zahanati mwaka huu, kivuli cha baada ya miaka 30 kinamsaidia nini?

Turudi kwenye usalama. Sehemu kubwa ya mizizi haizami sana kama wengi wanavyodhani. Hukaa katika sentimita 60 za juu za udongo, ikitambaa mbali kupita ncha za matawi. Mtaro wa bomba ukipita karibu na shina huikata, mti hubaki umesimama kwa miaka, kisha upepo unauangusha na lawama inabebeshwa uzee. Vilevile kisiki kikionekana kina uwazi, watu husema ulikuwa umeoza. Lakini kiini cha mti mkubwa ni mbao mfu. Uhai uko pembeni. Wakaguzi wengi huanzia hapa: ubao mzima uliobaki ukiwa na unene wa karibu theluthi ya nusu kipenyo cha shina, uwazi peke yake si sababu ya kukata.

Sheffield, Uingereza, ilikata maelfu ya miti ya mitaani chini ya mkataba wa barabara ulioanza mwaka 2012. Wakazi waliopinga walikamatwa. Mwaka 2023 uchunguzi huru ukaikosoa halmashauri, nayo ikaomba radhi. Miti haikurudi.

Mti ambao shina limeanza kulala na udongo umepasuka upande wa pili ukatwe leo hii, bila mjadala. Kwa mingine, ripoti ibandikwe kwenye shina wiki kadhaa kabla ya msumeno: kasoro ni ipi, nani kapima, na kwa nini mtaro hauwezi kusogezwa mita mbili.