Matanki ya Kigamboni: mafuta ya nani?

Usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi, tetesi zikivuma kwamba bei inapanda, kuna sheli utaikuta imefunga kamba kwenye pampu na kuning'iniza kipande cha boksi: "Mafuta hakuna". Asubuhi EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, ikishatangaza bei kikomo mpya, mafuta yapo. Bodaboda aliyelala na tangi tupu hahitaji semina ya usalama wa nishati.

Huo ni mchezo wa usiku mmoja. Je, zikipita wiki 3 bila meli? Petroli na dizeli yote ya Tanzania huingia kutoka nje, na sehemu kubwa hutoka Ghuba. Mwaka 2024 mapipa kama milioni 20 kwa siku yalipita Mlango wa Hormuz, njia ya meli ya kutokea Ghuba, karibu moja ya tano ya matumizi ya dunia. Nchi za IEA, Shirika la Kimataifa la Nishati, zinazoagiza mafuta hutakiwa kuwa na akiba ya siku 90, sharti lililozaliwa na mgogoro wa mafuta wa 1973. Ndiyo maana wapo wanaosema nasi tujaze akiba ya taifa, tena haraka.

Wanaosita nao wana hesabu yao, wala si ya kubeza. Tuchukue nchi inayotumia lita milioni 10 kwa siku. Akiba ya siku 30 ni lita milioni 300. Kwa senti 60 za dola kwa lita, ni dola milioni 180 zimelala kwenye tangi. Ukinunua bei ikiwa juu kisha ikashuka, hasara ni yako. Petroli nayo haikai kama mchele ghalani. Inachuja, lazima izungushwe. Na fedha hizo, mwisho wa yote, atatozwa mnunuzi yuleyule kwa kila lita.

Ila kuna kitu hesabu hiyo inakiruka: kukosa akiba nako tunakulipia. Meli zikipanga foleni nje ya bandari ya Dar es Salaam zikisubiri kushusha, gharama ya kusubiri huingizwa kwenye bei ya pampu. Tunakodi meli iwe ghala letu, na meli haijawahi kuwa ghala la bei rahisi.

Bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, mara nyingi hutajwa hapa kana kwamba ni jibu. Silioni hivyo. Litaleta mafuta ghafi ya kuuzwa nje, na kiwanda cha TIPER kiliacha kusafisha mafuta zamani, sasa kinahifadhi tu. Tanga meli itaondoka na ghafi, Dar nyingine iingie na dizeli.

Matanki 15 ya serikali Kigamboni, yenye uwezo wa mita za ujazo 378,000, yanagusa tatizo lenyewe: meli zitashusha upesi. Lakini tangi si akiba. Mafuta yakiwa ya wafanyabiashara, na sehemu yake ni ya Zambia na Kongo, siku ya dhiki serikali itakuwa na funguo za ghala la watu. Mimi ningeanza na dizeli peke yake, ya siku 15, ikimilikiwa na taifa na kuuzwa kwa zamu kabla haijaharibika. Malori, matrekta na jenereta za hospitali hunywa dizeli. Gari langu la petroli litavumilia foleni.