Anza na Chenji ya Sokoni, Rupia Isubiri

Mtu wa Tabora akisikia kwamba nakusanya sarafu, swali la kwanza ni lile lile: "Una rupia ya Mjerumani?" Sijajibu, la pili limeshafika: "Inakwenda shilingi ngapi?" Vijana wanaotaka kuanza kukusanya nao huulizia huko huko. Msimamo wangu ni kwamba anayeanza aiweke rupia kando kabisa, ashike kwanza sarafu anazorudishiwa akinunua nyanya.

Najua kwa nini jina la rupia linatuvuta sisi kuliko watu wa mikoa mingine. Mwaka 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imewafungia Wajerumani waliotutawala njia ya baharini, walitengeneza sarafu zao hapa hapa Tabora, kwenye karakana ya reli. Kulikuwa na heller 5, heller 20 (heller ni senti za rupia), na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo mbele ya milima. Zote zina herufi T, alama ya mji wetu. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakautwaa mji, kazi ikaishia hapo. Za dhahabu zilitoka kama elfu kumi na sita tu. Heller 20 za shaba ya njano zilipita milioni moja, na kwa kuwa vifaa vilikuwa vya kuungaunga, hazifanani: kwenye nyingine taji ni kubwa, kwenye nyingine ni dogo, na hata ncha za herufi L katika neno Heller zinatofautiana, nyingine zimechongoka, nyingine zimejikunja. Wakusanyaji wa siku nyingi huzitenganisha kwa alama hizo.

Sasa mwambie mtu ambaye hajawahi kuitazama hata sarafu ya mia kwa makini azione hizo ncha. Hazioni. Na huyo ndiye chakula cha matapeli. Anakuja mtu na kitu kimeviringishwa kwenye kitambaa, ati babu yake alikifukua shambani, kuna tajiri anakitafuta kwa mamilioni, lakini yeye ana shida leo, mpe laki mbili tu. Wengine wanaongeza habari za uganga juu yake. Fedha za watu zinapotea kila siku kwa hadithi hizi, na inaniuma, kwa sababu dawa yake ni macho yaliyozoea sarafu halali, na mazoezi hayo hayana gharama.

Chukua sarafu mbili za shilingi 100, moja iliyochakaa na moja inayong'aa bado. Kaa mlangoni asubuhi, jua likija kwa ubavu, uzishike kwa ukingo, vidole visiguse uso. Zigeuzegeuze polepole. Kwenye ile mpya mwanga unazunguka juu ya chuma kama unatembea. Huo ni mng'ao wa kiwandani, na ukishaondoka hakuna wa kuurudisha. Kisha angalia uso wa Mwalimu. Mahali palipoinuka ndipo panapolika kwanza: shavu, nywele za juu ya sikio. Geuza upande wa swala, uangalie miguu na mapaja yao. Kwenye iliyochakaa mistari ya manyoya imefutika na swala wamebaki vivuli. Rudia na nyingine, na nyingine, hadi uweze kuzipanga kuanzia nzuri hadi mbovu bila kusitasita. Sarafu za Mjerumani hupimwa vivyo hivyo.

Ya 50, ile ya pembe saba yenye kifaru, ina somo lake. Ndani ni chuma, juu imepakwa tabaka la rangi ya dhahabu. Tabaka likilika pembeni, chuma cha kijivu kinachungulia na kutu inaingia. Tafuta yenye pembe zote saba nzima. Utashangaa ilivyo kazi kuipata. Muombe fundi redio sumaku ya spika mbovu: 50 na 100 zitanasa, shilingi ya mwaka 1966 yenye mwenge haitanasa, kwa sababu hiyo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Na tafadhali, usioshe. Hapa sina mjadala. Ndimu, majivu, dawa ya meno, steel wire, vyote viache jikoni na bafuni. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa vibaya, ina mikwaruzo ya upande mmoja, na mnunuzi anayejua anaiona kabla hujafungua mkono. Nimeonyeshwa heller zilizodumu zaidi ya miaka mia, zikaharibiwa kwa dakika tano za limau. Uchafu wa zamani ni sehemu ya sarafu, uache.

Jambo jingine linalosumbua wengi ni kudhani kikongwe ni ghali. Senti 10 ya tundu ya mwaka 1936, ya Afrika Mashariki wakati wa Mwingereza, ina jina la Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, aliyejiuzulu mwaka huo huo. Tundu lilichukua nafasi ya katikati, hivyo sura yake haikuwekwa, ila jina. Ni sarafu nzuri yenye historia ya kusimulia, lakini zilitengenezwa nyingi mno, na bei yake ni ndogo. Kinachopandisha bei ni uchache wa zilizobaki katika hali nzuri, pamoja na wingi wa wanaozitaka.

Kwa hesabu hiyo, sarafu za kuwahi sasa ni zetu wenyewe. Ya 20 yenye tembo huioni tena mkononi mwa mtu. Ya 50 nayo inapotea. Dukani unadai hamsini yako, unapewa pipi. Mimi pipi naikataa kwa heshima. Nikiwa sokoni humwendea mama wa karanga: "Shikamoo mama, naomba unibadilishie elfu mbili, unipe sarafu." "Marahaba mwanangu, zote hizo za nini?" Namwonyesha swala mwenye miguu iliyokamilika, naye siku nyingine ananiwekea pembeni zile anazoona zinang'aa. Nikizichambua, zisizofaa narudisha sokoni kwa bei ile ile. Mia haishuki chini ya mia, kwa hiyo anayejifunza nazo hapotezi kitu.

Za kubaki nazo tia kila moja kwenye kibahasha kikavu cha karatasi, mbali na unyevu wa msimu wa mvua, usizitie kwenye plastiki laini, maana huacha utelezi wa kijani. Juu andika mwaka wa sarafu, hali yake kwa maneno yako, na ulikoipata. "Soko kuu, chenji ya nyanya" inatosha.