Wakili wa bure kwa mtoto mwenye ulemavu: nani anamsimamia?

Sheria hazijapungua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 una Ibara ya 23 inayomtaja mtoto mwenye ulemavu waziwazi, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unayo ya 13. Mwaka 2006 ukapitishwa Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara yake ya 24 inadai elimu jumuishi, na ya 13 inazitaka mahakama zijirekebishe ili mtu mwenye ulemavu apate haki sawa na mwingine yeyote.

Kinachokosekana ni mtu wa kuzichukua ibara hizo na kuziweka mezani kwa mwalimu mkuu aliyemkataa mtoto, au mbele ya hakimu. UNICEF ilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto wenye ulemavu duniani wanakaribia milioni 240. Familia yenye mtoto anayehitaji tiba ya viungo, na ambayo mzazi mmoja ameacha kazi ili amhudumie, haina akiba ya kumlipa wakili. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii imeangukia mikononi mwa wanasheria wanaojitolea. Wapo wanaoona hilo ni jambo la kupongezwa na kupanuliwa. Wapo wanaoona ni kiraka kinachofunika tundu ambalo serikali ilipaswa kuliziba. Mimi nadhani pande zote mbili zinabishania bei, wakati tatizo ni kwamba mteja huyu hana njia ya kumwajibisha anayemtetea.

Tuanze na wanaounga mkono, maana hoja yao ina uzito. Haki nyingi za mtoto mwenye ulemavu hupotelea ofisini, kesi ikiwa haijafikiriwa kabisa. Shule inamwambia mama, "Hatuna mwalimu wa watoto kama huyu, jaribu kwingine." Yanasemwa kwa mdomo, bila karatasi. Mama hana cha kukatia rufaa kwa sababu hakuna uamuzi ulioandikwa. Wakili akiandika barua ya ukurasa mmoja, akataka sababu za kukataliwa zitolewe kwa maandishi na kutaja kifungu kinachoibana shule, mazungumzo huweza kubadilika bila mtu kukanyaga mahakamani. Barua kama hiyo ni kazi ya saa mbili. Vivyo hivyo cheti cha kuzaliwa kilichokwama, ruzuku iliyokatwa, au tathmini inayosema mtoto hafundishiki. Wakili wa mambo ya benki au ardhi anaziweza kazi hizi akipewa mafunzo mafupi na mtu wa kumuuliza anapokwama. Mwanasheria aliyewahi kuhangaika na mteja anayetumia kiti mwendo ili tu wafike chumba cha kesi ghorofa ya pili, haangalii tena ramani ya jengo la mteja wake tajiri kwa macho yale yale.

Chama cha Mawakili cha Marekani, katika kanuni yake ya 6.1, kinamhimiza kila wakili alenge angalau saa 50 za utetezi wa bure kwa mwaka. Ni lengo tu, hakuna anayeadhibiwa kwa kutolifikia. Saa 50 zinatosha barua za shule ishirini na chenji ikabaki. Kesi ya mtoto aliyedhulumiwa kingono ni habari nyingine.

Chukua mfano wa binti wa miaka 13, kiziwi, ambaye hajawahi kukanyaga shule ya viziwi. Nyumbani wana ishara zao: kidole shavuni ni shangazi, viganja viwili vikigongana ni mlango. Wakili wa kujitolea anayesimamia maslahi yake katika kesi ya jinai anamkumbusha mwendesha mashtaka aombe mkalimani wa lugha ya alama, na mkalimani analetwa. Siku ya kusikilizwa, mkalimani anaashiria, binti anamtazama tu. Lugha ile hajaifunza. Anayezielewa ishara zake ni mama yake, na mama ni shahidi, hawezi kuwa mkalimani pia. Pengine mshtakiwa ni ndugu wa mama huyo huyo. Hakimu anaandika kwamba shahidi haeleweki. Ushahidi mkuu umeondoka na kesi imekufa.

Mwanasheria anayeshughulika na kesi hizi kila siku angejua mapema kwamba panahitajika watu wawili: mkalimani anayesikia, na kiziwi mzoefu wa kusoma ishara za nyumbani, wakipokezana. Angewakutanisha na binti kabla ya siku yenyewe. Angedai michoro na wanasesere viruhusiwe. Hayo hayapatikani katika semina ya asubuhi moja.

Tena tazama kinachofuata. Kampuni iliyoharibiwa kesi yake ingeandika malalamiko, ingedai fidia, ingehamia kwa wakili mwingine. Binti huyu hajui hata kwamba palikuwa na njia nyingine. Mama anashukuru kwa kuwa mtu alikuja. Ofisi ya wakili inaandika kwenye ripoti ya mwaka kwamba mtoto mmoja alihudumiwa, na kwa hesabu hiyo haijadanganya.

Hata hivyo, kosa la ustadi angalau huonekana kwa mwenye jicho. Linalonisumbua zaidi ni kazi inayofanywa vizuri, nyaraka zimenyooka, amri ya mahakama imepatikana, na bado mteja ameumizwa. Nazungumzia maombi ya ulezi, yaani kuiomba mahakama impe mtu mwingine mamlaka ya kumwamulia mtu mzima.

Kijana mwenye ulemavu wa akili anakaribia miaka 18. Wazazi wana wasiwasi, na wasiwasi wao si wa kubuni: benki haitaki kumfungulia akaunti, hospitali inataka saini ya mtu "mwenye akili timamu". Wanakwenda kwenye kliniki ya msaada wa kisheria. Wakili anajaza fomu, anaambatanisha ripoti ya daktari na hati ya kiapo, anafika mahakamani, amri inatoka. Kwa programu ya kujitolea hii ni kazi tamu. Inafundishika, ina fomu zake, ina mwanzo na mwisho, na wazazi wanatoka wakilia kwa furaha. Tatizo ni kwamba amri ya ulezi kamili inaweza kumfanya mtu mzima asiwe na kauli juu ya mahali atakapoishi, atakayefunga naye ndoa, wala karatasi atakayotia saini. Kuitengua baadaye atahitaji wakili, na uwezo wa kumweka wakili ndio huo ameshanyang'anywa.

Ibara ya 12 ya mkataba wa 2006 inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha. Kamati inayousimamia, katika Maoni ya Jumla Na. 1 ya mwaka 2014, ikaenda mbali zaidi: mifumo ya kuamua kwa niaba ya mtu iondolewe, na badala yake mtu asaidiwe kuamua mwenyewe. Hiyo haikubaki nadharia. Jimbo la Texas lilitambua kisheria makubaliano ya namna hiyo mwaka 2015, ambapo mtu anachagua wa kumsaidia kuelewa na kueleza uamuzi wake bila kumkabidhi uamuzi wenyewe. Peru ilibadili sheria zake za kiraia kwa mwelekeo huo mwaka 2018, Kolombia ikafuata 2019.

Mzazi naye ana jibu, na ni jibu zito. Upasuaji ni kesho asubuhi, na daktari hasubiri maoni ya kamati ya Geneva. Katika nchi ambayo sheria inaujua ulezi peke yake, wakili anayekataa faili kwa msimamo wa kanuni anamwacha kijana bila matibabu. Sitamlaumu anayeijaza fomu hiyo. Nitamlaumu asiyeuliza kama mahakama inaweza kutoa amri ya jambo moja na kwa muda maalumu, badala ya ile ya kila kitu na milele. Na nitamlaumu zaidi aliyezungumza na wazazi kwa saa nzima huku kijana amekaa kwenye kiti cha pembeni, hajaulizwa neno. Mkataba wa 1989, nao katika Ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika shauri linalomhusu. Kwa wakili maana yake ni kwamba mteja ni yule aliye kwenye kiti cha pembeni.

Wakosoaji wana hoja nyingine: wanaojitolea wanaipa serikali mahali pa kujificha. Mwaka 1967, katika shauri la In re Gault, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto anayekabiliwa na hatari ya kupokonywa uhuru wake ana haki ya wakili, na familia isipoweza kulipa, atapewa. Halikuwa suala la hisani ya mtu. Kwenye migogoro ya shule hakuna haki ya namna hiyo huko, ila lipo jambo jingine: tangu 1986 sheria inawaruhusu wazazi walioshinda kudai gharama za wakili kutoka mamlaka ya elimu iliyoshindwa. Bunge lilipitisha sheria hiyo baada ya mahakama, katika Smith v. Robinson ya 1984, kusema gharama hizo hazidaiki. Utaratibu kama huo unamwezesha wakili kuishi kwa kazi hii badala ya kuifanya siku za Jumamosi.

Naikubali hoja hiyo nusu. Mwanasheria anayejitolea kuandika rasimu ya sheria ya namna ile anaweza kufanya makubwa kuliko mwenye mafaili arobaini. Lakini kusema waliopo waache ili serikali ione aibu ni kumtumia mtoto kama dhamana. Darasa la kwanza likimpita halirudi.

Upo pia mvuto wa kesi kubwa, ile inayotajwa magazetini. Autism-Europe, shirika linalotetea watu wenye usonji, iliishtaki Ufaransa mbele ya Kamati ya Ulaya ya Haki za Jamii, na mwaka 2003 ikashinda: nchi ilikuwa haijapiga hatua za kutosha kuwasomesha watu wenye usonji. Mwaka 2013 kamati hiyo hiyo, kwa malalamiko ya shirika jingine, ikaikuta tena Ufaransa na hatia kuhusu watoto wenye usonji. Miaka kumi katikati. Afrika Kusini, Mahakama Kuu ya Western Cape iliamua mwaka 2010 kwamba serikali ilikiuka haki za watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili kwa kutowapa elimu, ikaitaka irudi na ripoti ya utekelezaji ndani ya miezi 12. Aliyefungua shauri lile alikuwa jukwaa la mashirika yaliyokuwa yakiishi na suala hilo kila siku. Mteja wa aina hiyo haondoki wakili anapoondoka, na anaweza kugonga mlango wizarani mwaka wa pili na wa tatu. Kukazia hukumu, yaani kuhakikisha inatekelezwa, ni kazi isiyo na picha za kupiga, na sijaona wengi wanaojitolea kuifanya.

Nikiulizwa, ningetaka faili la bure lifungwe kamba zile zile za faili la kulipwa. Barua ya makubaliano inayomtaja mtoto kuwa ndiye mteja, iliyosomwa kwake kwa namna anayoielewa. Wakili wa pili anayelijua faili. Swali la mgongano wa maslahi liulizwe siku ya kwanza, kwa kuwa ofisi inayowakilisha shule binafsi au kampuni za bima haitaweza kuwashtaki wateja wake, na familia haipaswi kuligundua hilo kesi ikiwa imefika katikati. Kesi za udhalilishaji ziende kwa wazoefu tu. Barua za shule ziende kwa yeyote mwenye bidii.

Na wapo wanasheria ambao wenyewe wana ulemavu. Programu hizi huwaita kutoa ushuhuda kwenye ufunguzi, kisha zinawasahau siku ya kugawa mafaili. Wao ndio wangeulizwa ni kesi zipi zipokelewe, na ndio wangepewa kazi ya kuwasimamia wengine, kwa malipo. Hilo la malipo litazua ubishi katika mpango uliojengwa juu ya neno bure. Lakini wakili wa kujitolea akihama mji au akichoka, ni msimamizi anayelipwa ndiye anayeweza kuulizwa Jumatatu asubuhi faili la binti yule liko wapi, na akalazimika kujibu.