Mshenga hakulia, jamani

Kamati ya harusi imeamka na habari kwenye kundi la WhatsApp kwamba mshenga alilia ukweni Tukuyu alipotajiwa idadi ya ng'ombe wa mahari. Mshenga ni mimi. Machozi yalinitoka, hilo sikatai. Kulia sikulia.

Mnaonifuata mnajua ninavyohangaika na vidonda vya mdomo. Kimoja kiko ndani ya shavu nilipojing'ata, kingine chini ya ncha ya ulimi. Nilikuwa navitibu taratibu: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, nasukutua nusu dakika, natema, halafu napaka asali na kukaa nusu saa bila kula wala kunywa. Vidonda vidogo vya namna hii hupona vyenyewe kwa wiki moja au mbili. Chumvi na asali vinakupoza tu wakati unasubiri. Limau msiguse, asidi yake inachoma. Na magadi ya kuchemshia maharage, yale ya soko la Mwanjelwa, si sawa na soda ya kuokea, ni makali zaidi. Msije mkasukutulia.

Sasa bwana harusi mtarajiwa akanisikia naongea kama nimeweka kiazi cha moto mdomoni, akahofia posa yake. Njiani kwenda Tukuyu, tumepita Uyole, ukungu wa Isongole umetumeza, namwona anatoa mfukoni kipande cha alovera, kimemenywa nusu.

Jani la alovera lina vitu viwili. Katikati kuna ute mweupe unaoteleza, huo ndio wa kupaka. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano, na huo ndio shubiri yenyewe: mchungu, halafu unaharisha. Kwa hiyo ukishakata jani unalisimamisha, pale ulipokata pakiangalia chini, kama robo saa, utomvu uchuruzike. Kisha unamenya ganda lote na kuosha ute mpaka njano iishe. Nikamuuliza, umechuruzisha? Umeosha? "Kaka, nimefanya yote." Akaapa na kuapa.

Tulipofika getini nikakipachika kile kipande chini ya ulimi.

Sebule imejaa. Kila kiti kina kitambaa cha kufuma, cheupe pee. Mzee akakohoa: "Mshenga, karibu. Tuambie kilichowaleta." Nikafungua mdomo, na hapo ndipo njano ikapata joto, ikaachia.

Wadau, chini ya ulimi ndiko kwenye vijitundu vya mate. Ukipaweka kitu kichungu, vinafunguka vyote kwa pamoja. Nikafumba mdomo haraka. Mate yanapanda. Nikatazama kulia, vitambaa. Kushoto, vitambaa. Kutema ukweni, utaanzia wapi? Nikatabasamu kwa midomo iliyobana, mashavu yamevimba. Mzee kwa upole akaendelea, "Sisi tunafikiria ng'ombe wanane," na sekunde hiyohiyo chozi la jicho la kulia likashuka. Kisha la kushoto. Shangazi wa binti akamgusa jirani yake: "Huyu mbona anatununia?"

Nikaona heri nimeze. Koo likakataa katikati ya safari, mabega yakaruka, na nilipojilazimisha kusema "Tumepokea, mzee," uzi mrefu wa njano ukatoka pembeni ya mdomo, ukaning'inia, ukajifikiria, ukatua juu ya bahasha ya posa niliyoishika kwa mikono miwili kwa heshima zote.

Hakuna aliyepumua. Bwana harusi mtarajiwa akawa anasoma kalenda ukutani.

Tulitozwa faini ya dharau, tukalipa. Nikaletewa chai ya tangawizi ya moto, nikainywa, ukweni utakataaje. Ng'ombe walikubaliwa, wangapi hayawahusu. Utomvu ule huchukua saa 6 hadi 12 kufika unakokwenda, kwa hiyo tumbo lilinisubiri mpaka nikawa nyumbani, namshukuru Mungu. Usiku kucha nimekunywa lita 1 ya maji safi yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Mnaouliza kama nitaenda hospitali: kidonda kikipita wiki 3 bila kupona, nitakwenda, na nyie mwende. Cha shavuni kimeshaanza kufunga. Na bwana harusi ananitumia ujumbe kwamba faini ile ni deni langu. Nimemjibu aje aichukue, kopo la alovera liko dirishani, nitamkatia mwenyewe.