Kusikia Sauti: Kati ya Dawa na Mazungumzo

Mtu akieleza kwamba anasikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, mara nyingi kinachofuata ni kuulizwa aanzishiwe dawa gani. Swali hilo huja mapema mno. Sauti hutokana na skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili), ndiyo, lakini pia na msiba, kukosa usingizi siku kadhaa, kifafa, uziwi wa uzeeni, au mlevi wa siku nyingi kuacha pombe ghafla. Huyo wa mwisho, akianza kutetemeka na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, anaweza kufa.

Wanaotetea dawa wana hoja nzito. Dawa za saikosisi (hali ya kupoteza mguso na uhalisia) huzuia kazi ya dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, na kwa wengi sauti hufifia ndani ya wiki chache, au hubaki bila kuumiza. Mambo huharibika dawa inapobadilishwa kabla ya wiki 4 hadi 6 za dozi ya kutosha, au mgonjwa anapoiacha ghafla kwa kuwa amepata nafuu. Dawa mbili zikishindwa hufuata dawa nyingine ya saikosisi, klozapini, ambayo kwa kawaida hudai kupima chembe nyeupe za damu kila wiki miezi ya mwanzo. Hata hivyo, wapo ambao sauti haziwaachi, huku wakinenepa, wakipata kisukari au kushindwa kutulia.

Upande wa pili, wa mazungumzo, ulipata nguvu Uholanzi mwaka 1987, daktari wa akili Marius Romme na mwanahabari Sandra Escher walipowakutanisha wanaosikia sauti. Wao huuliza: ni sauti ya nani? Ilianza lini, baada ya tukio gani? Huja saa ngapi? Mara nyingi nyuma yake kuna ukatili wa utotoni. Majibu humpa mtu pa kushika: ikija jioni akiwa peke yake, asome kwa sauti au aimbe, au aitengee dakika 15 na kuikatalia muda mwingine.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba asiyelala wala kula hawezi mazungumzo hayo. Kwake dawa itangulie. Na kila anayesikia sauti aulizwe waziwazi: inakuamuru ujidhuru au umdhuru mtu? Umewahi kuitii? Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe, na aonwe na daktari siku hiyo.

Wengine wengi wanastahili vyote viwili, dawa na mazungumzo. Nyumbani, kubishana na anayesikia sauti kwamba haipo humfanya afiche. Afadhali aambiwe: "Mimi siisikii, lakini naona inakutesa. Inasemaje?"